Hapa Wanaishi Watu Safi

Siku alipopigiliwa kibao cha kijani mlangoni, Mama Pasi alifagia ua kwa mara ya pili, akavaa viatu vyake vya kutokea, akakaa kibarazani mikono mitupu ili wapitao wamwone. Mwanamke ambaye hajawahi kukaa bure mchana tangu avunje ungo! Lakini usimcheke haraka. Kama na wewe ungekulia katika mtaa ambao wenye magari wakipita hupandisha vioo, halafu siku moja mwenye gari ashuke, aje hadi kwako na kupigilia kibati kilichoandikwa HAPA WANAISHI WATU SAFI, wewe pia ungekaa kibarazani mpaka mbu wakufukuze.

Jina la Pasi alilipata kwa kazi. Alikuwa na pasi ya mkaa, nzito, yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko, na kwa pasi hiyo alikuwa akinyoosha mashati ya walimu na makarani tangu alipofiwa na mumewe. Alianza na kola, kisha mikono, mgongo akauacha mwisho. Alijua joto la pasi kwa kuipitisha karibu na shavu, na makaa yakizubaa aliizungusha hewani kwa mkono mmoja huku akiendelea na umbeya wake. Akaunguza nguo? Katika maisha yake yote aliunguza moja tu, na mwenye nguo hiyo alikuwa mkorofi.

Mkaa aliupata kwa mdogo wake, muuza mkaa, aliyekaa nyumba ya pili. Walitenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ulipasua siri zote. Mdogo mtu alikuwa mweusi wa mkaa kuanzia kucha mpaka kwenye mikunjo ya shingo. Hata akioga, akitoka jasho linatoka na kazi yake. Kwa hiyo weupe wote wa kola za walimu wa mtaa ule ulianzia kwenye magunia ya mwanamke ambaye walimu hao hawakumpa mkono. Jambo hilo halikumshangaza mtu. Ndivyo weupe mwingi wa dunia hii unavyopatikana.

Sasa, kampeni. Kampeni ya watu wenye nafasi haikosi jina, na hii iliitwa UCHAFU NI CHAGUO. Jina lilichapishwa kwenye fulana, kofia, miavuli, na ubavuni mwa gari lenye vipaza sauti lililopita asubuhi na jioni likiwaambia watu kwamba wanaharisha kwa sababu ya tabia zao. Ugonjwa ulikuwa umeingia tangu mvua zianze, tena si wa kuchezea. Ulikuwa umeshaondoka na watu. Mtaa mzima ulichota maji kwenye bomba moja, bomba hilo lilipita ndani ya mtaro wa maji machafu, na lilikuwa limepasuka mahali ambapo hata kipofu angekuonyesha kwa fimbo. Wazee wa mtaa walikwenda kulisema hilo. Wakajibiwa kwa upole kwamba kampeni inashughulikia tabia. Mabomba ni idara nyingine. Wakapewa fulana.

Aliyeongoza kampeni alikuwa mama mmoja wa kule mlimani, ambako maji yanamwagiliwa majani yasiyoliwa na mtu wala mbuzi. Mtaani walimwita Mama Glovu, kwa sababu alivaa glovu nyeupe hata kusalimia. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kupitisha kidole juu ya fremu za madirisha. Nyuma yake alifuata kijana wa nyundo na mifuko miwili ya vibao. Vya kijani viliandikwa kama nilivyokwambia. Vyekundu viliandikwa HAPA BADO. Bado nini, havikusema.

Kwa Mama Pasi kidole kilitoka kama kilivyoingia. Kitambaa cha meza kilikuwa kimenyooka, na hakuna aliyekiinua akaona mguu wa meza uliofungwa kwa waya. Ndoo ya maji ilikuwa na mfuniko. Mama Glovu akawageukia wenzake na kusema mbele ya mwenye nyumba, kana kwamba mwenye nyumba ni kabati, "Mnaona? Umaskini si kisingizio. Huyu ameamua."

Mama Pasi, badala ya kuudhika, akavimba kichwa. Alipenda hilo neno, ameamua.

Kwa mdogo wake Mama Glovu hakuvuka kizingiti. Aliitazama mikono ya muuza mkaa, akaficha yake nyuma.

"Una watoto wangapi humu?"

"Watano, mama. Na wawili wa marehemu kaka yetu."

"Saba! Na mlipanga?"

"Kufa kwa kaka? Hapana, mama, hatukupanga."

Kijana wa nyundo alikohoa ili asicheke. Mama Glovu akanyoosha shingo, akaona ndoo ya maji pembeni mwa mlango, wazi.

"Mfuniko wake uko wapi?"

"Ulivunjika. Watoto waliukalia."

"Kwa hiyo umechagua kutonunua mwingine."

"Nimechagua unga," alisema muuza mkaa.

Kijana akapigilia chekundu. Kuanzia jioni ile watoto wa mtaa, ambao hawana huruma wala kazi, wakamwita Mama Bado, na jina likamganda.

Ungetegemea dada mtu aseme neno. Alisema. Alisema, "Na wewe ulizidi, mdogo wangu. Mtu anakuja kwako na heshima zake, unamjibu vile." Na kuanzia hapo kibati kikaanza kumtawala. Wateja waliongezeka, hilo ni kweli. Mwalimu mkuu mwenyewe alileta mashati yake, akisema hawezi kupeleka nguo kwenye nyumba yoyote tu siku hizi. Mama Pasi akavuta kamba katikati ya ua, kutenga upande wake na wa mdogo wake. Akamkataza mjukuu wake kula kwa bibi yake mdogo. Mwishowe akasema hata mkaa uachwe nje ya kizingiti, asiingiziwe vumbi, wageni wanakuja.

"Sawa, dada," Mama Bado akajibu, akitua debe. "Mkaa ubaki nje, joto lake ndilo liingie ndani."

Mjukuu huyo alikuwa mtoto wa binti yake, aliyekwenda mbali kutafuta kazi na kumwacha kwa bibi. Walimwita Chiriku. Alikuwa ameanza shule mwaka ule na alizungumza tangu jicho linafunguka mpaka linafumba: na kuku, na pasi, na kamba ya nguo, na bibi zake wote wawili kwa mpigo, akiruka kamba ile ya uani mara ishirini kwa siku kama haipo. Ungeweza kusimama barabarani ukajua Chiriku yuko chumba gani. Mama Pasi alijifanya anachoshwa naye. Ukweli ni kwamba katika maisha yake yote hakuna alichokipenda kama sauti ile, na hapo nakihesabu na kibati.

Basi Chiriku akaanza kuhara.

Ilianza asubuhi, baada ya chai. Mara ya kwanza bibi alisema ni embe. Mara ya tatu hakusema kitu. Mchana mtoto alikuwa anatoa maji matupu, meupe kama yaliyooshewa mchele, na kila mtu mtaani alishajua maji ya aina hiyo maana yake nini. Zahanati haikuwa mbali. Mtu mwenye akili angembeba mtoto mgongoni akakimbia. Mama Pasi alikuwa na akili, tena nyingi. Tatizo ni kwamba siku zile akili zote zilikuwa zinalinda mlango. Aliuona mlango wake ukibanduliwa kibao mchana kweupe. Alimwona mwalimu mkuu akija kuchukua mashati yake kwa ncha za vidole. Na zaidi ya yote, aliona aibu. Kwa maana kama uchafu ni chaguo, na ugonjwa unatokana na uchafu, basi yeye ndiye aliyemchagulia mjukuu wake yale. Hivyo ndivyo walivyomfundisha kwa vipaza sauti asubuhi na jioni, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

Akafunga dirisha. Akachemsha maji, akatia chumvi na sukari, akamnywesha kwa kijiko, nayo yakatoka yalikotoka. Mashuka aliyafua ndani, kwenye beseni. Ila shuka likifuliwa lazima lianikwe, na kamba ya nguo ya mpiga pasi inasomwa na mtaa mzima. Mashuka matatu katikati ya wiki ni sawa na kupiga mbiu. Hapo ndipo akafanya jambo ambalo labda ni yeye peke yake duniani angeliwaza. Akawasha pasi, akafunga na mlango, akaanza kuyakausha mashuka kwa kuyapiga pasi, moja baada ya jingine, chumba kikijaa mvuke na harufu, jasho likimtoka hadi kwenye viwiko. Yakikauka anayakunja pembe kwa pembe, anayatandika, mtoto anayachafua, anafua, anapiga pasi. Hata upindo aliunyoosha. Mtoto anakauka kitandani, na bibi yake anakausha mashuka.

Siku iliyofuata Mama Bado aligonga.

"Dada, Chiriku hajaenda shule?"

"Amelala. Ana mafua."

"Mbona simsikii?"

"Nimesema amelala! Mtu akilala anaongea?"

"Chiriku huongea hata akilala," Mama Bado akasema.  "Na mbona unapiga pasi umefunga dirisha, na jua lote hili? Umemaliza mkaa wa siku nne."

 Mama Bado hakugonga tena. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaja kwa bega, bega lile linalobeba magunia, na komeo likaachia kama lilikuwa linangoja kuombwa. Alichokiona ndani hakukizungumza hata baadaye: shuka jeupe pe, limenyooshwa kama la hotelini, na katikati yake mtoto macho yamedidimia, midomo imepasuka, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama.

Mama Pasi alikuwa bado ameshika pasi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Mama Bado alisema. "Ila wewe unataka kimuumbue nani, dada? Huyu?"

Akamfunga mtoto mbeleko mgongoni, juu ya gauni lake la kazi lenye masizi, akatoka. Mama Pasi akafuata. Na hapa nitasema kitu ambacho yeye mwenyewe hapendi kukumbushwa: alifuata upande wa pili wa barabara. Alitembea sambamba na mdogo wake na mjukuu wake kama watu wasiojuana, na walipofika zahanati alisimama karibu na lango kama mtu anayesubiri usafiri.

Mezani pale mlangoni walikuwa wamemweka binti wa fulana ya kampeni. Hakuuliza mtoto ameharisha mara ngapi.

"Mtoto wa nani?"

"Mjukuu wangu," Mama Bado akasema, wala hapo hakusema uongo. Mjukuu wa dada yako ni mjukuu wako.

"Nyumba ya kibao gani?"

Mama Pasi alisikia swali kutoka langoni. Mama Bado naye aligeuza shingo, akamwona dada yake pale, amejishika kifua. Walitazamana muda usiotosha kumeza mate.

"Chekundu," alisema Mama Bado.

"Nilijua," binti akasema, akaridhika kabisa. "Wa nyekundu mnaanza pale kwenye benchi, kuna somo la kunawa mikono, halafu ndiyo—"

"Binti yangu, nifundishe huku mtoto anawekewa maji. Masikio yangu hayaendi popote. Yeye ndiye anayeondoka."

Muuguzi mmoja, mtu mzima, alipita, akamwona mtoto, akatukana tusi ambalo halikuwa kwenye somo, akampokonya mgongoni na kukimbia naye ndani. Kwa ajili ya yule muuguzi peke yake nawasamehe robo yao.

Chiriku akapona. Taratibu, lakini akapona; siku aliyomuuliza muuguzi kwa nini chupa ya maji inaning'inizwa juu badala ya kunywewa, Mama Pasi alitoka nje ya wodi akalia na ukuta. Nyumbani akamwambia mdogo wake, "Nitakwenda kuwaeleza." Mama Bado akamwambia, "Ili iweje? Mimi tayari ni Bado, siwezi kuwa Bado zaidi. Kula kwako kuko kwenye hicho kibati. Nyamaza." Naye akanyamaza. Alinyamaza vizuri sana, mpaka siku ya mkutano.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Wageni walikuja kutoka makao makuu wakakaa chini ya turubai, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa. Wenye milango ya kijani walipewa kofia za kijani na safu ya mbele. Wenye milango myekundu walipewa jua. Mama Glovu alishika kipaza sauti akaeleza mafanikio: vibao vingapi vimepigiliwa, fulana ngapi zimevaliwa. Kisha akasema wageni wanahitaji kuona kwa macho yao, akamwita Mama Bado mbele, aje na mtoto.

"Huyu mtoto nusura afe," Mama Glovu alisema, sauti ikitetemeka mahali panapotakiwa. "Nyumba yao tuliionya. Ndoo haikuwa na mfuniko. Mama huyu aliambiwa, akatujibu kwa kejeli. Sasa muulizeni leo kama anacheka."

Mama Bado alisimama pale juani, mikono myeusi, akitazama mbali, juu ya vichwa vya watu. Lakini Mama Pasi hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Chiriku. Ilikuwa wazi kwamba mtoto ameagizwa asiseme kwamba hakuugulia nyumba ile, na kwa kuwa hakuwahi kunyamaza maishani na hakujua inavyofanywa, alikuwa ameibana midomo yake kwa vidole, ya juu na ya chini pamoja, kama mtu anayeziba mfuko uliotoboka. Macho yamemtoka kwa jitihada. Mtoto aliyeponea chupuchupu, anafanya kazi ya kulinda kibati.

Hilo Mama Pasi hakuliweza. Akasimama, akavua kofia.

"Mtoto ni wangu," alisema, bila kipaza sauti, na uwanja mzima ukasikia. "Aliugua kwangu, kwenye kibao cha kijani. Mfuniko ulikuwepo, na dirisha lilikuwa halina vumbi. Nikamfungia ndani kwa sababu yenu. Huyu mnayemsimamisha juani ndiye aliyevunja mlango akamtoa. Maji ya bomba ni yale yale, kwangu na kwake."

 Wageni wakamgeukia Mama Glovu. Na Mama Glovu, kwa muda mfupi, alionekana kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Kisha tabasamu likarudi mahali pake. Akashuka, akamkumbatia Mama Pasi kwa mikono ile ya glovu, akamgeuza kuwaelekea wageni.

"Mnaona?" alisema. "Mnaona moyo wa watu safi? Yuko tayari kubeba aibu ya ndugu yake! Huu ndio utu tunaoujenga. Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Wageni walisimama kabisa. Mmoja alifuta macho. Mama Pasi alifungua mdomo kusema tena, makofi yakaufunika. Akajaribu mara ya pili, akapigwa picha. Walimpigia makofi mpaka ukweli wake ukakosa pa kukaa, nao wakaenda kula.

Kwa miaka mingi Mama Pasi alikuwa amewaogopa watu wale, na kwa miezi kadhaa amewapenda. Jioni ile, akitembea kurudi nyumbani katikati ya mdogo wake na mjukuu wake, upande mmoja wa barabara, aliona hofu imemtoka na mapenzi yamemtoka, na kilichobaki hakikuwa hata hasira. Aliwadharau. Aliwadharau kwa utulivu, kama unavyomdharau fundi anayeunguza nguo kisha akuambie ndiyo mtindo.

Hakuingia ndani. Alichukua koleo la mkaa, akalipenyeza nyuma ya kibati, akang'oa msumari kwa msumari. Majirani walisimama kuangalia. Kesho yake mwalimu mkuu alituma mtu kuchukua mashati, na makarani wawili wakafuata; hilo Mama Pasi alilijua hata kabla msumari wa mwisho haujaanguka, na hakuuacha.

Akaruka kamba ya uani. Kisha akarudi, akaikata. Akaenda mpaka pembeni mwa mlango wa mdogo wake, akalaza kibati juu ya ndoo ya maji, na kikatosha, kikazidi kidogo pembeni.

"Dada," Mama Bado akasema, "mlango wako utabaki mtupu."

"Ndoo yako ilikuwa tupu kichwani kwa miezi, na mimi nikitazama."

Chiriku akachuchumaa mbele ya ndoo. Alikuwa ndio kwanza amejua kusoma, na hakuna maandishi yaliyopita mbele yake salama. Akafuata herufi kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ile ya zamani iliyofika barabarani:

"Bibi, watu gani wanaishi kwenye ndoo?"

Mama Bado alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Pasi hakucheka. Aliinua kibati, akatazama maji ndani. Rangi yake ilikuwa ya jana na ya juzi.

"Hamna mtu humo, mjukuu wangu," alisema. "Ni mfuniko tu."

Akaifunika ndoo, kisha akaingia kwa mdogo wake, akainamia gunia na kuchota mkaa kwa mikono yake mwenyewe, wa kuchemshia maji ya nyumba zote mbili.